Goti Lililopigiwa Kura

Fundi alikuwa na cheo kikubwa katika jengo lile la ghorofa nne, ingawa cheo chenyewe alijipa mwenyewe. Yeye ndiye aliyefunga umeme wote, tangu taa ya mlangoni hadi kengele ya juu kabisa, na hakuruhusu mtu asahau. Ukimsalimia kwenye ngazi alikuitikia vizuri, kisha akakuonyesha swichi. "Hii nimeifunga mimi," angesema, akiipapasa kama kichwa cha mwanawe. Wapangaji walimwita Fundi, na asipokuwepo walimwita Bwana Giza. Jina hilo la pili alilipata kwa jasho lake.

Ngazi za jengo lile hazikuwa na dirisha hata moja. Aliyezichora bila shaka aliishi nyumba ya chini. Hata mchana kweupe ulihitaji taa ili upande, na taa zenyewe ziliendeshwa na taima: unabonyeza kitufe pale chini, ngazi nzima inawaka, na baada ya muda taa zinazimika zenyewe ili umeme usiliwe bure. Jambo zuri kabisa. Ila taa hizo zilizimika kabla mtu hajafika. Mwenye miguu mizuri aliziona hadi ghorofa ya tatu. Mwenye mzigo aliachwa ya pili, na kutoka hapo alipapasa ukuta na kumwomba Mungu. Vitufe vilikuwa viwili tu, cha chini na cha juu, kwa sababu Fundi alishasema kuweka vya katikati ni kuharibu waya.

Muda ule wa taa aliupima mwenyewe, siku aliyofunga taima. Alikuwa na namna yake ya kupima, na aliitumia katika kila jengo alilopata kazi. Anabonyeza kitufe, anapanda hadi juu, anaangalia amechukua muda gani, anashuka na kukaza skrubu palepale. Hesabu imekwisha. Wakati huo Fundi alikuwa kijana mwembamba anayeruka vidato viwili viwili, na mkononi hana zaidi ya bisibisi. Kwa hiyo jengo zima, wazee kwa wajawazito, lilipimiwa kwa miguu ya kijana mwenye njaa anayetaka kumaliza kazi akale.

Miaka ikapita. Fundi akaota kitambi, akaacha kuruka vidato, na siku hizi taa zilimwacha hata yeye kwenye kona ya mwisho. Hakumwambia mtu. Kukubali kwamba taima ina kosa ni kukubali kwamba Fundi ana kosa, na jambo hilo lilikuwa halijawahi kutokea.

"Taa hazina ubaya," aliwaambia wapangaji. "Watu siku hizi mmekuwa wavivu wa kutembea."

Sasa, mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa sebuleni, chini ya dirisha, na goti lake la kulia lilikuwa limechakaa kwa miaka ya kukanyaga pedali. Alipanda ngazi hadi nyumbani kwao, ghorofa ya juu kabisa, kwa mtindo wake: mguu mmoja juu ya kidato, anauleta wa pili, anapumua, kisha kidato kingine. Taa zilimzimikia ghorofa ya pili, kila siku, bila kukosa. Hapo alisimama na furushi lake la vitambaa, akisubiri mtu mwenye roho nzuri aingie jengoni na kubonyeza kitufe.

"Baba watoto," alimwambia mumewe, "ongeza muda wa zile taa kidogo."

"Nitaziangalia."

"Lini?"

"Hiyo siyo kazi ya kukurupuka, mke wangu. Inataka utulivu."

Kazi yenyewe, niiseme mimi kwa kuwa yeye hakuisema, ilikuwa kuzungusha skrubu moja. Boksi la taima lilikuwa chini, ukutani, karibu na mlango wa kuingilia. Ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa Fundi, umefungwa pamoja na ufunguo wa nyumba, na kila siku alipita nao mbele ya boksi hilo akienda kununua gazeti.

Mkewe alipigwa kalenda mpaka akachoka kuuliza lini. Mara ya mwisho alisema kwa sauti ya kawaida tu, huku akikunja shuka: "Dada yangu ana chumba kitupu. Nyumba yake haina hata kidato kimoja. Usipoangalia taa hizo, mimi na cherehani yangu tutahamia huko."

"Sawa," alisema Fundi. "Nitaziangalia."

Hakugeuka kumtazama. Macho yake yalikuwa kwenye kompyuta.

Kompyuta ile ilikuwa ya binti yao. Alipoolewa na kuhamia mji mwingine aliiacha juu ya meza, na siku moja Fundi akaiwasha, eti aone kama bado inashika umeme. Ilishika umeme. Na mchezo uliokuwa ndani ukamshika yeye. Ni ule wa kujenga kwa matofali: unachimba, unakata, unapanga tofali juu ya tofali mpaka upate nyumba, na ukitaka unaweka taa, nyaya na milango inayofunguka yenyewe. Jua la mle ndani likizama, au mahali popote penye giza, yanatokea mazimwi. Fundi aliahidi kucheza kidogo tu, hadi chai iive. Chai iliiva, ikapoa, ikamwagwa, na wiki nyingi baadaye alikuwa bado amekaa palepale, mmiliki wa mnara mrefu kuliko majengo yote aliyowahi kuyafungia umeme.

Mnara ulikuwa na ngazi, na ngazi zilihitaji taa. Hapo ndipo mchezo ulipomuudhi. Ulikuwa na swichi za aina mbili tu. Kulikuwa na kitufe, ambacho ukikibonyeza taa inawaka kidogo na kuzimika mara moja. Na kulikuwa na mkono wa kuvuta, ambao ukiuvuta taa inabaki inawaka mpaka mtu arudi kuuzima. Kati ya hivyo viwili, hakuna kitu. Fundi akafunga vitufe. Akabonyeza, akaanza kupanda mnara wake kwa madaha, na alipofika katikati taa zikazimika. Zimwi likatokea kwenye kona na kumla, kwenye ngazi alizozijenga kwa mikono yake.

Fundi aligonga meza hadi kikombe kikaruka.

"Huu ni uzembe!" alifoka. "Mtu anaachwaje gizani katikati ya ngazi? Fundi gani aliyefunga taa hizi? Hana utu?"

Jikoni, mkewe aliacha kumenya viazi. Akatokeza kichwa mlangoni, akautazama mgongo wa mumewe kwa muda mrefu, kisha akarudi kwenye viazi vyake.

Binti yao alimwelekeza baba yake kwa simu kwenye jukwaa la wachezaji huko mtandaoni, mahali ambapo mtu anaweza kutoa pendekezo, wengine wakapiga kura, na likipata kura nyingi wenye mchezo wanalifikiria. Fundi alivaa miwani. Akaandika pendekezo la swichi ya muda: unaibonyeza, inawasha taa kwa muda utakaoupanga wewe mwenyewe kwa kuzungusha kisahani kilicho pembeni, halafu inazima yenyewe. Alilipanga kama hati ya zabuni, akachora mchoro, akaupaka rangi.

Wenyeji wa jukwaa walimpokea kwa upendo mkubwa. Mmoja aliyejiita Mfalme wa Matofali, ambaye kwa namna alivyoandika huenda hajaanza kunyoa, alimjibu kwamba swichi ya nini wakati kuku wapo. Akaeleza: unachimba mfereji, unatia maji, unamweka kuku, maji yanamsukuma kuku polepole hadi mwisho wa mfereji, kuku anakanyaga kibao, taa inazimika. Ukitaka muda zaidi, refusha mfereji. Wengi walimsifu Mfalme kwa hekima. Mwingine alisema swichi kama hiyo itaua ubunifu. Wa tatu akauliza swali lililomchoma Fundi kuliko la kuku: "Hebu tupe mfano wa mtu halisi anayehitaji kitu hiki. Nani huyo anayeshindwa kupanda ngazi kabla taa haijazimika?"

Fundi alikunja mikono ya shati. Akaandika:

"Katika jengo ninaloishi yupo mama mwenye goti bovu. Anapanda ghorofa nne kila siku na furushi la vitambaa. Anabonyeza taa chini, na akifika ghorofa ya pili taa zinamzimikia. Hapo anasimama, mkono mmoja umeshika chuma, anasubiri mtu aje amwashie. Akichoka kusubiri anapanda hivyo hivyo, anapapasa kila kidato kwa ncha ya kiatu. Mama huyo hana kosa. Anatembea kwa mwendo wake. Kosa ni la aliyefunga swichi akapima kwa miguu yake mwenyewe. Muda wa taa upangwe na anayepanda, si na aliyefunga. Mtu hapaswi kukimbizana na taa ndani ya nyumba yake."

Aliyasoma tena na machozi yakamlengalenga. Hakujua kama ana kipaji hicho. Alikuwa bado anafuta miwani pale mlango ulipofunguka na mkewe akaingia, jasho linamtoka, vumbi la ukutani limemshika bega zima.

"Zimenizimikia tena," alisema, akiegemea mlango.

"Ngoja kwanza, mke wangu," alisema Fundi bila kugeuka. "Niko kwenye jambo la maana."

Akatuma.

Basi goti likapata umaarufu. Watu waliokuwa upande wa kuku walihama mmoja mmoja. Waliandika kwamba wameguswa, kwamba bibi zao nao wana magoti, kwamba aliyefunga taa zile anastahili kufungwa yeye. Fundi aliliunga mkono wazo hilo kwa kumpa mwandishi alama ya dole gumba. Kura zikapanda, na yeye akapanda nazo. Alitembea jengoni kifua mbele, akiwaambia wapangaji kwamba kuna jambo kubwa linakuja, bila kusema ni jambo gani. Wapangaji wakadhani taa za ngazi zitarekebishwa. Wakashukuru.

Na katika siku hizo za ushindi, kila mkewe alipokwenda kwa dada yake alitoka na kitu. Siku moja pasi. Siku nyingine mto wake wa kulalia, kisha birika dogo, kisha kikapu cha nyuzi. Hakuficha. Alipita navyo nyuma ya kiti cha mumewe, akiburuta mguu, na mumewe aliinua miguu ili amwachie njia.

Aliyeharibu sherehe ni binti yao, na hakuwa na nia mbaya. Alipiga simu mchana mmoja, sauti imejaa machozi ya furaha. Mama yake alikuwa kwenye cherehani, akaweka simu kwenye spika ili aendelee kupinda suruali.

"Mama, umeona baba alivyokuandika?" binti alisema. "Sikujua baba ana moyo wa hivi! Amesema kila kitu, mama, unavyopanda, unavyosimama. Hebu sikiliza."

Akasoma. Alisoma vizuri, kwa kituo, na pale kwenye ncha ya kiatu sauti ikamkatika. Pedali ya cherehani ilikuwa imenyamaza tangu sentensi ya kwanza.

"Na watu wanakuulizia hali," binti aliendelea. "Kuna mmoja anasema ulichue goti kwa maji ya moto. Wote wamekupigia kura, mama."

"Asante kwa kunisomea, mwanangu," alisema mama. "Nitakupigia baadaye."

Fundi, aliyekuwa mezani kwake, aligeuza kiti kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Uso ulimng'aa. Alikuwa anangoja kusifiwa, masikini wa Mungu.

"Umesikia?" alisema. "Sikutaka kukwambia mapema. Limebaki kidogo tu lipite."

Mkewe aliitoa suruali kwenye sindano, akakata uzi.

"Nimesikia. Unajua kwamba nasimama ghorofa ya pili."

"Ndiyo, ndiyo maana nika..."

"Unajua nashika chuma kwa mkono mmoja. Unajua mpaka ncha ya kiatu." Hakupandisha sauti. "Mimi nilikuwa nadhani hujui, baba watoto. Kila nikifika hapa na vumbi begani nilijiambia, huyu hajui, angejua asingeniacha. Miaka yote hiyo nimekusamehe kwa sababu nilidhani hujui."

Fundi alinyosha kidole kwenye kompyuta, zilipokuwa kura.

"Mtu usiyemjua amekuuliza mara moja," alisema mkewe, "ukamjibu siku hiyohiyo, na mchoro juu."

Jioni hiyo alikwenda kwa dada yake. Mlangoni alisema atarudi Jumatatu na gari kuchukua cherehani.

Fundi alikaa mbele ya kompyuta na hakuiwasha. Alitafuta birika dogo, halikuwepo. Alitafuta pasi, haikuwepo, na ndipo akaanza kutembea chumba hadi chumba akihesabu mapengo, kama mtu anayegundua kuwa ameibiwa kila siku mbele ya macho yake, na mwizi akimwomba apishe miguu. Ilimuuma. Ilimuuma kifuani hasa, si kwa maneno ya kuandika jukwaani.

Jumapili alishuka na bisibisi. Ufunguo uliingia kwenye boksi bila tabu. Skrubu haikuwa na kutu, haikuwa imekwama, haikuwa na kisingizio chochote. Ilizunguka kwa kidole kimoja. Fundi aliurefusha muda kwa kukadiria, akabonyeza kitufe, akaanza kupanda ili apime, na alipofika ghorofa ya kwanza akasimama ghafla. Alikuwa anapima tena kwa miguu yake mwenyewe. Akashuka, akakaa kwenye kidato cha chini, akaona aibu peke yake, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote.

Jumatatu gari lilisimama mlangoni. Shemeji yake, yaani dada mkubwa wa mkewe, alibaki kwenye kiti cha mbele na kushusha kioo.

"Shikamoo, shemeji," alisema Fundi.

"Marahaba, Fundi. Upo mzima? Tulisikia ulishaliwa na zimwi."

Mkewe alikuwa ameshafika mlangoni, na akaona boksi limefunguliwa, mumewe amesimama kando yake na bisibisi mkononi kama askari wa zamu.

"Nakuomba kitu kimoja," alisema Fundi. "Bonyeza, upande kwa mwendo wako. Usiharakishe. Zikizimika niite, nitaongeza. Ukifika juu nazo bado zinawaka, hapo ndipo nitakapoziacha."

Mkewe alimtazama, akalitazama boksi, akabonyeza. Akaanza kupanda. Fundi alisikia mguu mmoja, halafu wa pili, halafu pumzi. Alikuwa hajawahi kusikiliza sauti ile kutoka chini. Ilikuwa ndefu ajabu. Taa zilizimika.

"Ghorofa ya tatu," sauti ilisema gizani.

Akaongeza. Mkewe akashuka na kuanza upya, ingawa Fundi alimwambia aendelee kutoka hapohapo. "Si unataka kupima?" alimjibu. "Pima." Mara ya pili zilimwacha kwenye kona ya mwisho. Mara ya tatu Fundi alisikia mguu, mguu, pumzi, kona, mguu, kisha mlango wa nyumba yao ukifunguliwa, na taa zilikuwa bado zinawaka. Aliendelea kusubiri. Bado zinawaka. Ndipo zikazimika zenyewe.

Furaha ilimpanda Fundi kichwani. Alibonyeza kitufe, akaruka vidato viwili viwili kama zamani, akaingia sebuleni akihema, tayari kusema neno. Mkewe alikuwa ameshaifunika cherehani kwa kitambaa chake na kuifunga kamba.

"Zimefika," alisema Fundi.

"Zimefika. Nimeona." Na kweli uso wake ulikuwa umelegea kidogo. "Umefanya vizuri. Wapangaji watafurahi."

"Na wewe?"

Mkewe aliikaza kamba.

"Mimi nilikuomba taa wakati nilikuwa naishi hapa. Nisaidie kuishusha, mimi siwezi kuibeba."

Fundi aliipandisha cherehani begani. Ilikuwa nzito kuliko alivyokumbuka. Mkewe alibonyeza kitufe cha juu na kutangulia, na kwa kuwa ngazi zile ni nyembamba, mwenye mzigo hawezi kumpita aliye mbele. Mguu mmoja chini, wa pili ukafuata, pumzi. Fundi akangoja. Kidato kingine, akangoja tena, chuma cha cherehani kikimchimba shingo. Ghorofa ya pili mkewe alisimama kupumzika, ameshika chuma kwa mkono mmoja, palepale pake, na Fundi akasimama nyuma yake kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mfukoni simu ilitetemeka, ikatetemeka tena na tena, bila kukoma. Alijua ni jukwaani, na alijua maana yake: limepita. Mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi.

Wakaendelea kushuka. Taa ziliwaka ngazi nzima, kona kwa kona, zikawafikisha hadi mlangoni, na bado zilikuwa zinawaka alipoiweka cherehani nyuma ya gari na mkewe akapanda kukaa karibu na dada yake. Fundi alirudi kusimama chini ya taa zake, akaziangalia. Alitamani zizimike, angalau apate kitu cha kurekebisha.